Kijana Aliyeita Papa

Kwetu Kamukuywa, papa ni baba. Mtoto akijikwaa njiani huita "Papa!" na mzee aliye karibu huitika, awe ndiye aliyemzaa au siye. Kwa hiyo asubuhi ile ya Februari 1989, niliposikia sauti ikitoka baharini, kule mawimbi yanakovunjika juu ya mwamba, ikiita "Papa! Papa!", sikushtuka kama walivyoshtuka wenzangu pale dikoni. Nilisimama na penseli mkononi nikidhani kuna kijana anamwita babake. Nikageuza shingo huku na huku nimtafute huyo baba. Wanaume wanne walikuwa wameshaacha bao lao na wanaisukuma ngalawa majini kabla sijaelewa kwamba neno hilo, kwa watu wa pale, lina meno.

Ni zaidi ya miaka 35 sasa. Wajukuu wangu wakiniuliza, "Kuka, ni kweli uliwahi kumwona mtu aliyeumwa na papa?" huwa naanzia hapo, kwenye kusimama kwangu. Haikuzidi nusu dakika. Lakini nimekuja kujua nusu dakika ni nini kwa mtu anayetoka damu, na ndiyo maana sijaisahau.

Nilifika pwani nikifuata miwa. Nyumbani miwa ilikuwepo, na kiwanda cha Nzoia kilikuwa kinasaga, lakini binamu yangu alikuwa kapata kazi katika kiwanda cha sukari cha Ramisi, kule Kwale, akaniandikia kwamba kuna nafasi. Nikapanda basi, nikapanda treni, nikavuka feri ya Likoni mara ya kwanza maishani nikiwa nimeshikilia chuma cha pembeni kwa mikono miwili. Miaka minne nilikata miwa, nikapakia miwa, nikaota miwa. Mwaka 1988 Ramisi ikafungwa. Wenzangu wengi wa bara walirudi makwao. Mimi niliona haya kurudi kwa mama mikono mitupu, nikashuka Shimoni, ambako tajiri mmoja mnunuzi wa samaki alihitaji mtu anayejua kusoma na kuandika wa kumkalia kwenye mizani.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Banda la makuti, mizani ya kutundika kwenye kijiti cha mkoko, kitabu cha karatasi za kaboni, penseli. Mvuvi analeta, napima, naandika jina, aina, kilo na saa. Tajiri alitaka saa iandikwe kwa sababu ya barafu. Samaki aliyekaa juani hakulipiwa sawa na aliyetoka majini wakati huo. Mbele yangu kilikuwa Kisiwa cha Wasini, na nyuma yake, siku maji yakitulia, ulionekana ukanda mweupe wa mwamba. Ilikuwa kaskazi. Wakati wa kusi bahari huchafuka na wazamiaji hukaa bure, lakini kaskazi ikishika, maji huwa kama kioo na kila mwenye miwani ya kuzamia anakwenda.

Wazamiaji wale niliwastahi kuliko wavuvi wote. Hawakuwa na mitungi ya hewa. Miwani, mrija wa kupumulia, mapezi ya mpira miguuni, basi. Mzamiaji analala juu ya maji kifudifudi, anapumua kwa mrija, anatazama chini, akiona tundu la mwamba lenye pembe ndefu zinazochungulia anavuta pumzi na kushuka. Walikuwa wakitafuta kamba mawe, wale wakubwa wanaoliwa mahotelini. Na walikuwa na mbinu iliyonishangaza: walichukua pweza, wakamfunga kwenye fimbo, wakampeleka kwenye mlango wa tundu. Kamba anamwogopa pweza kuliko anavyomwogopa binadamu. Anatoka mwenyewe mbio, mkono wa mzamiaji unamngoja nje.

Wakiwa huko walichoma pia samaki wa kitoweo kwa mkuki. Hapo ndipo palipokuwa na hatari, na wazee walikuwa wakilisema jambo hili kila siku hadi vijana wakachoka kulisikia: samaki aliyechomwa mtie chomboni upesi, usizunguke naye. Samaki anayekufa hutetemeka, na mtetemeko ule pamoja na damu husafiri mbali majini. Kijana ninayemzungumzia alikuwa na mtungo kiunoni. Samaki watatu, kamba imepita kwenye mashavu yao. Mdogo wake, mvulana wa miaka 14 hivi, alikuwa juu ya ngalawa akimwambia alete. Akajibu kwamba anazama mara moja tu, kisha analeta.

Mdogo wake ndiye aliyeita.

Baadaye alinisimulia, tukiwa tumekaa sakafuni katika ukumbi wa hospitali, kwamba hakumwona papa akija. Aliona kakake akiinuka majini hadi kifuani, kama aliyesukumwa kutoka chini, kisha maji yakabadilika rangi. Papa aliuma, akaachia, akauma tena, akaenda zake na samaki wa mtungo. Mvulana akatupa kafi, akainama, akamshika kakake kwa kamba ya mrija na nywele, akamvuta mpaka juu ya ndubi, na kutoka hapo hajui alimwingizaje ndani. Mwili wa mtu mzima, naye mvulana wa miaka 14. Niliitazama mikono yake wakati akisimulia. Ilikuwa myembamba kama mashina ya mtama.

Ngalawa ya msaada ilikutana nao katikati. Nahodha wake, mzee aliyeishi nyumba mbili kutoka banda letu, alikata kipande cha kamba ya tanga akamfunga juu ya goti. Kisha wakapiga makafi kuelekea pwani kwa nguvu ambayo sijaiona tena. Walipofika maji ya magoti tuliingia wote kuwapokea.

Ninachokikumbuka kwanza ni uso. Miwani ilikuwa imepandishwa kwenye paji, na alama ya mpira wake ilikuwa bado imezunguka macho na pua, duara jekundu kwenye ngozi iliyogeuka rangi ya majivu. Alikuwa amefumbua macho. Kiunoni kamba ya mtungo ilikuwa bado imefungwa, na vichwa vitatu vya samaki vilining'inia, vimekatwa kama kwa panga. Halafu ndipo nikatazama mguu. Shavu la mguu wa kulia lilikuwa limetoka karibu lote. Kwenye paja, nyuma, palikuwa na mstari wa matundu uliopinda kama mundu. Damu ya matundu ilikuwa ikichuruzika. Ile ya chini ilikuwa ikiruka, inaruka na kutulia, inaruka na kutulia, kwa mpigo wa moyo wake.

Watu walikuwa wakisema kila mtu lake. Mmoja alikuja anakimbia na kopo la kahawa ya unga amwagie kidonda. Mwingine alitaka majivu. Wapo waliokuwa wanasoma dua, wapo waliokuwa wanalia. Mimi nilikuwa nimeshika kitabu changu kifuani kama mtoto wa shule.

Aliyetukatiza kelele alikuwa mama mmoja wa makamo, mkunga wa jadi, ambaye alikuwa amekuja dikoni kununua samaki wa mchana. Alikuwa amepokea watoto wa nusu ya mji ule, na miaka ile Wizara ya Afya ilikuwa ikiwaita wakunga kama yeye na kuwapa mafunzo. Alipiga magoti mchangani akamsukuma mwenye kahawa kwa kiwiko.

"Kahawa ni ya kunywa. Niacheni mimi. Damu naijua."

Akaigusa ile kamba ya tanga kwa kidole. "Hii nyembamba. Inakata nyama, haizuii." Akavua leso aliyojitanda, akaishika ncha kwa meno na kuipasua kwa urefu, kipande cha upana wa kiganja. Akakizungusha juu ya goti, pajani, juu ya kamba, akafunga fundo moja. Kisha akanyoosha mkono bila kuinua kichwa. "Kijiti." Hakuna aliyeelewa. "Nipeni kijiti, enyi watu!" Nikakichomoa kile kijiti cha mkoko kilichotundika mizani, mizani ikaanguka chini kwa kishindo, nikampa. Akakiweka juu ya fundo, akafunga fundo la pili, akaanza kukisokota. Kijana alipiga ukelele ambao ulinyamazisha pwani nzima. Mama yule hakuacha. Alisokota mzunguko baada ya mzunguko huku akitazama kidonda tu, na mzunguko wa tatu au wa nne damu ile iliyokuwa ikiruka ikashuka, ikawa matone, ikakoma.

Hapo akaniona. "Wewe Mluhya mwenye kitabu. Andika saa." Nikaandika. Saa 4 na dakika 25. Ukurasa huo huo nilikuwa nimeandika pweza kilo 6 na changu kilo 11. "Sasa njoo hapa. Weka mikono juu ya paja. Finya kwa nguvu zako zote, na usiondoe mpaka mimi nikwambie."

Nusu ya leso iliyobaki ilikunjwa ikawekwa juu ya yale matundu, na mimi nikafinya. Nataka niliseme hili kwa uwazi, kwa sababu watu wengi hudhani kumsaidia mtu kama yule kunahitaji elimu ya daktari. Nilichofanya ni kulala na uzito wangu wote juu ya viganja viwili. Leso ilikuwa ya moto. Magamba ya samaki yalikuwa yamenigandia mikononi tangu asubuhi, na niliyaona yakimetameta katikati ya damu. Maandishi ya leso yalikuwa mbele ya macho yangu, herufi nyeusi kwenye kitambaa cha manjano, nikawa nayasoma na kuyasoma tena bila kujua yanasema nini, hadi damu ikayafunika. Kisha haikuendelea kupanda. Nilisikia chini ya viganja vyangu kwamba imepungua. Sijui kulieleza vizuri zaidi ya hapo. Ni kama mtoto anayetulia mikononi.

Kijana aliomba maji. Mama mkunga akalowesha kidole akampaka midomoni, akamwambia, "Utakunywa mwanangu, utakunywa ukifika." Akamfunika kwa tanga ingawa jua lilikuwa kali, kwa sababu alikuwa akitetemeka.

Gari ndilo lililotuchelewesha. Palikuwa na moja lililoleta wageni wa kutembezwa kisiwani, na dereva wake alikataa. Alisema damu itaharibu viti. Sikumlaani wakati ule, sikuwa na nafasi moyoni, lakini miaka ya baadaye nimemfikiria mara nyingi kuliko ninavyomfikiria papa. Papa alifuata njaa yake. Tajiri wangu alipofika na pikapu ya kubebea samaki, hakuuliza kitu. Makreti yalitupwa chini, barafu ya siku nzima ikamwagwa mchangani, na kijana akalazwa nyuma juu ya mikeka, miguu yake ikiinuliwa mapajani mwa nahodha. Mama mkunga alipanda, nami nilipanda nikiwa bado nimefinya.

Kutoka Shimoni hadi barabara kuu ilikuwa njia ya vumbi na mawe ya tumbawe, kama kilomita 15. Kila shimo nililisikia kwenye viganja. Mdogo wake alikaa kichwani akimpepea kwa kofia na kumwita jina ili asilale. Tulipofika Ramisi nikainua macho mara moja, nikaona bomba la kiwanda. Halikuwa na moshi. Mashamba niliyokata kwa mikono ile ile yalikuwa yameota majani.

Hospitali ya kwanza tuliyofikia ilikuwa ndogo, na sitaitaja. Daktari wake alikuwa kijana, pengine hata hajafika miaka 30. Aliuliza swali moja kabla hajagusa chochote: "Imefungwa saa ngapi?" Watu wote wakaanza kukisia. Nikatoa kitabu mfukoni kwa meno, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi, na mama mkunga akamfungulia ukurasa. Saa 4 na dakika 25. Akatazama saa ya ukutani, ilikuwa saa 5 na nusu. "Dakika 65," akasema, na nikaona mabega yake yakishuka kidogo. Alieleza baadaye: kiungo kilichofungwa hivyo hakipati damu, na saa zikipita nyama hufa, ndani ya saa 2 mguu una tumaini zuri. Asingejua saa, angelazimika kubahatisha. Akaibana mishipa iliyokatika kwa vyuma, mmoja mmoja, ndipo akalegeza kijiti polepole, na sote tukashusha pumzi pamoja. Akamtundikia dripu. Damu ya kumwongezea haikuwepo. Gari la wagonjwa lilikuwa bovu. Akamtoa muuguzi mmoja aende nasi, ameinua chupa ya dripu juu, tukarudi kwenye pikapu ile ile ya samaki.

Likoni tulikuta magari yamepanga foleni hadi kule juu. Nahodha akashuka. Alikuwa mzee mwenye kanzu fupi iliyojaa damu mbele yote, akawa anakimbia kando ya foleni akipiga mlango wa kila gari kwa kiganja: "Mgonjwa! Mgonjwa! Wekeni njia!" Na wakaweka. Malori yalipanda ukingo. Watu wa miguu walijibana kwenye ukuta. Ndani ya feri akina mama watatu ambao hatukuwajua walishika leso zao juu ya pikapu kutukinga jua, na hakuna aliyesema neno mpaka ng'ambo. Nimevuka mkondo ule mara nyingi, kabla na baada ya siku hiyo, lakini nikisikia jina la Likoni, ninachokiona ni wale akina mama na mikono yao iliyoinuliwa.

Tulifika Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa, saa 8 mchana. Walitaka damu. Miaka ile ndugu na marafiki ndio waliokuwa benki ya damu. Anayehitaji huja na watu wake. Nahodha alipimwa, mdogo wake alikataliwa kwa udogo, tajiri alipimwa, na mimi. Damu yangu ilioana na yake. Nilipolala kwenye kitanda kile na sindano mkononi, mtoto wa Mbukusu wa chini ya Mlima Elgon, nikitazama chupa ikijaa, nilihisi jambo ambalo miaka yote mitano ya pwani sikuwa nimelihisi. Walikuwa wakiniita mbara, bila ubaya, kama jina tu. Tangu jioni ile nahodha aliniita mwanangu.

Upasuaji uliisha wakati wa magharibi. Alipona. Mguu haukukatwa, ingawa shavu lake halikurudi, na alitembea akiuburuta kidogo. Wiki ya tatu alikuwa ameketi bandani kwangu akinisaidia kusoma mizani. Mama mkunga alikuja kudai nusu ya leso yake, ile iliyokuwa imekunjwa, ambayo nilikuwa nimeifua na kuitunza. Jozi moja ya leso kwa mwanamke wa kipato chake si kitu cha kutupa. Mwisho wa mwezi nikamnunulia nyingine, na yeye akaivaa siku hiyo hiyo kuja kununua samaki, ili nione.

Niliwauliza wazee kuhusu papa, kwa sababu sikuweza kulala. Walinijibu kwa utulivu ulionishangaza. Walisema ndani ya mwamba, kwenye maji ya kina kifupi, papa wa kuuma haji mara kwa mara. Nje ya mwamba na kwenye midomo ya mito ndiko anakotembea, na maji yakiwa machafu hukosea. Waliniambia pia kuhusu papa shilingi, mkubwa kuliko dau, mwenye madoa mgongoni kama sarafu, ambaye hula vidudu vidogo vya majini na hamgusi mtu. Wanasema Mungu alimpenda hata akamrushia fedha, zikamganda. Na walikuwa wanamla papa. Papa mkavu alining'inia katika kila soko la Mombasa, na mafuta ya ini lake, sifa, yalipakwa kwenye mbao za vyombo zisiliwe na mchwa wa bahari. Ngalawa iliyomleta yule kijana yenyewe ilinuka sifa. Siku hizi nasoma kwamba duniani kote watu wanaoumwa na papa bila kumchokoza hawafiki 100 kwa mwaka na wengi wao hupona, huku wanasayansi wakikadiria kwamba sisi tunaua papa karibu milioni 100. Aina nyingi, pamoja na pingusi wenye kichwa cha nyundo, sasa biashara yake imewekewa masharti ya kimataifa. Nahodha yule angekubali. Tayari wakati ule alikuwa akisema ndoano zake zinarudi tupu.

Nilisoma pia habari za Mwaustralia Rodney Fox, aliyeumwa na papa mweupe mwaka 1963 akiwa anashindana kuchoma samaki majini. Alichanwa kifua na tumbo. Wenzake hawakumvua ile nguo ya mpira, ikawa ndiyo iliyomshikilia vipande vyake pamoja mpaka hospitali. Aliishi, na alitumia maisha yake kuwatetea papa. Nilipoisoma niliwaza leso.

Nilirudi Kamukuywa mwaka 1992, mama alipougua. Miaka miwili baadaye, tarehe 29 Aprili 1994, redio ikatangaza kwamba feri ya Mtongwe, kule Mombasa, imepinduka, mita 40 tu kutoka ufukweni. Ilitengenezwa kubeba watu 300, ikabeba 400, na 272 wakafa. Majirani walijaa nyumbani kwangu kwa kuwa mimi ndiye niliyeishi kule. Swali lao la kwanza lilikuwa kama papa ndio waliowala. Nikawaambia hapana. Nikawaambia mita 40 ni kama kutoka hapa mlangoni hadi kwenye ule mwarobaini, na kwamba watu wengi wa feri ile walikuwa wakienda kazini asubuhi kama mtu yeyote, na kwamba hakuna mnyama aliyehusika. Hawakuridhika. Ni rahisi zaidi kulia kama kuna wa kulaumiwa mwenye meno. Usiku ule nilitoka nje nikakaa peke yangu, kwa sababu nilikuwa nikihesabu nyuso za wote niliovuka nao.

Sasa hapa kwetu. Barabara ya kutoka Webuye kwenda Kitale hushuka kwenye mto wetu, ikavuka daraja, ikapanda. Mto ule ndimo nilimojifunza kuogelea, na ndimo ninamoteka maji ya ng'ombe. Malori ya masafa hushuka kwa kasi, matrekta ya miwa hutambaa bila taa, na kati yao hupita bodaboda. Watu wengi wamekufa pale. Nimewaona kwa macho yangu waliokufa, na nasema kwa hakika kwamba baadhi yao hawakufa kwa kugongwa. Walikufa kwa kutazamwa. Umati unakusanyika, unapiga kelele, unangoja polisi, unangoja gari, na damu inaruka na kutulia, inaruka na kutulia, mpaka haina cha kurusha.

Nilihudhuria mafunzo ya huduma ya kwanza nikiwa na miaka 50 na ushei. Mwalimu alifundisha kile kile: finya moja kwa moja juu ya kidonda, usiinue kuchungulia, ikishindikana mkononi au mguuni, funga kitambaa kipana juu ya kidonda, usipitishe kwenye goti wala kiwiko, sokota kwa kijiti hadi damu ikome, andika saa, usilegeze mpaka hospitali. Nikamwambia niliwahi kufundishwa na mama mmoja wa Shimoni mwaka 1989. Tangu hapo, Jumapili mchana hukaa na vijana wa bodaboda pale stejini, nikiwa na leso moja kuukuu na kijiti. Wanajifungana miguu. Wengine wana kalamu mfukoni kwa sababu yangu, na hawaendi darasani.

Mwaka 2014, jioni, mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe niliposikia kishindo darajani, kisha ule ukimya mfupi unaokuja kabla ya watu kuanza kupiga kelele. Nilipofika, kijana wa bodaboda alikuwa chini ya ukingo, pikipiki yake imejikunja, mguu wa kushoto umevunjika na kupasuka chini ya goti. Vijana wawili wa stejini walikuwa wameshafika. Mmoja alikuwa amefinya. Mwingine alikuwa akihangaika na mshipi wa suruali ambao haukutosha upana. Mke wangu alikuwa nyuma yangu. Hakuuliza, alivua leso akanipa, nami nikaipasua kwa meno, ingawa meno yangu hayakuwa tena yale. Kijiti tulipata kwenye ua wa mtu. Nilisokota nikitazama kidonda tu. Mmoja wa vijana akaandika saa kwenye paja la majeruhi kwa kalamu ya wino, 12.40, kwa tarakimu kubwa.

Majeruhi yule alikuwa mdogo. Uso wake ulikuwa na rangi ile ya majivu niliyoijua, na macho yake yalikuwa yakitafuta mtu katikati ya umati, kisha yakanikuta mimi.

"Papa," akasema.

Nikaitika, kijiti kikiwa bado mkononi.